Futi ya fundi cherehani: kipimo cha shilingi elfu moja ninachokiamini kuliko mizani

Kifaa ninachotaka kukitathmini huenda tayari kimo nyumbani kwako, ndani ya kopo la vifungo na sindano. Ni futi laini ya fundi cherehani, ile ya njano au nyeupe, yenye inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili. Yangu niliinunua Kariakoo, kwenye kibanda kinachouza nyuzi, zipu na bitana, kwa shilingi elfu moja. Ndiyo ninayoitumia kufuatilia mwili wangu unavyopungua, na nyumbani kwangu mizani haipo tena. Nimeamua kuieleza kwa kirefu kwa sababu nawajua wanawake wengi, wengine walimu wenzangu, walioacha kutembea jioni na kurudia soda na chapati za kila siku wakati miili yao ilikuwa imeshaanza kubadilika. Waliacha kwa sababu sindano ya mizani ilikataa kusogea.

Nafundisha hesabu shule ya msingi, wilaya ya Temeke. Nimevuka miaka arobaini, urefu wangu ni sentimita 160, na mama yangu mzazi anaishi na kisukari. Hali hiyo ya mama ndiyo iliyonipeleka kliniki kupima sukari na presha. Nesi alinipandisha kwenye mizani kama kawaida, kisha akatoa futi mfukoni mwa koti lake, akaipitisha kiunoni kwangu na kuandika: 101. Daktari alipoiona kadi, kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye hiyo 101. Alinieleza kwamba mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara sawa na yale yanayojaa ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo. Hayo ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya pili, presha na magonjwa ya moyo. Mizani inajumlisha yote pamoja na mifupa, maji na chakula kilichoko tumboni, halafu inakupa namba moja. Futi inapita juu ya eneo lenyewe.

Kuna namba ambazo kila mtu mzima angepaswa kuzijua kama anavyoijua presha yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linatumia mipaka hii ya kiuno: kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari inaanza kupanda, na kuanzia 88 imepanda sana. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Mipaka hiyo imetokana na watu wa Ulaya, na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilielekeza kwamba sisi wa Afrika kusini mwa Sahara tuitumie hiyo hiyo mpaka tupate takwimu zetu wenyewe za kutosha. Naisema wazi kwa sababu mwili wa Mtanzania haujapimwa vya kutosha, na mtu asiione 80 kama ukuta ambao upande huu kuna uzima na upande ule kuna ugonjwa.

Kanuni ninayoipenda zaidi haihitaji hata kusoma namba. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliiingiza kwenye mwongozo wake mwaka 2022. Kwangu mimi mwenye sentimita 160, nusu ni 80. Nilimwonyesha mama kwa kamba ya katani: nikaikata kwa urefu wake kuanzia unyayo hadi utosini, nikaikunja katikati, nikamwambia aizungushe kiunoni. Ncha hazikukutana. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alielewa papo hapo kuliko alivyowahi kuelewa ule uwiano wa uzito na urefu, ambao unataka ugawe kilo kwa mita zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe. Uwiano huo ulianzia kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, naye alikuwa akitafuta vipimo vya wastani vya watu wengi kwa pamoja. Hakuwa akimtazama mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yake.

Sasa mizani yenyewe. Siichukii. Ila inapima vitu vingi vinavyopita tu mwilini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukinywa, umeongezeka kilo moja hata kabla hujaweka kikombe mezani. Ukila samaki wa chumvi usiku, mwili unashika maji, na asubuhi namba imepanda. Mwanamke akikaribia siku zake anaweza kuongezeka kilo moja au zaidi, ambazo zitaondoka zenyewe. Wanga tunaoula kwenye ugali na wali, sehemu yake huhifadhiwa kwenye misuli na ini, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na maji kama gramu tatu hivi. Ndiyo maana mtu anayekata wanga ghafla hufurahia wiki ya kwanza, anashuka kilo kadhaa, halafu wiki ya tatu analia. Kilichoshuka mwanzoni kwa sehemu kubwa kilikuwa maji. Mafuta yanaondoka taratibu sana, na tofauti ya kilo moja au mbili ndani ya siku moja inatosha kabisa kuyaficha.

Mwezi wa Ramadhani huliona hili waziwazi. Mtu anajipima kabla ya magharibi akiwa hajanywa tone tangu alfajiri, anajisifu. Anajipima tena baada ya futari na uji, anahuzunika. Mwili ni ule ule.

Halafu kuna sakafu. Mizani ya bafuni inataka sakafu ngumu na iliyonyooka. Nyumba zetu nyingi za kupanga sakafu yake imeinama kuelekea mlangoni ili maji yatoke, na ukiiweka mizani juu ya zulia au kapeti inasoma vingine. Wale vijana wa barabarani wenye mizani, na zile mashine zinazoongea vituoni, nazo zinakupima na viatu, simu mfukoni, mkoba begani na chakula cha mchana tumboni. Leo ukipimwa Mbagala na kesho ukapimwa Kariakoo, hujalinganisha mwili wako na mwili wako. Umelinganisha mashine mbili.

Kwa upande wangu, tangu siku ya ile 101, mizani ya kliniki imenishusha kutoka kilo 84 hadi 81. Ukizitazama kilo tatu peke yake, kwa muda wote huo wa kutembea na kunywa chai bila sukari, unaweza kusema ni kazi bure. Futi inasema 92. Sentimita tisa zimetoka kiunoni. Kutembea na kupanda ngazi kumeniongezea misuli ya mapaja, na misuli imeshindiliwa kuliko mafuta: kilo moja ya misuli inachukua nafasi ndogo kuliko kilo moja ya mafuta. Mtu anaweza kupungua umbo huku uzito ukibaki pale pale, na asiye na futi hatalijua hilo.

Nije kwenye ubora wa futi zenyewe, maana zinatofautiana sana na hapa ndipo watu wanaponunua bila kuangalia. Shuleni tuna rula ya mbao ya mita moja tunayoitumia ubaoni. Nilizichukua futi tatu za nyumbani na kuzilaza juu yake, bila kuzivuta, mwanzo kwa mwanzo.

Ya kwanza, ya plastiki tupu, nyembamba na yenye kung'aa, ilikuwa imekaa miaka kwenye droo ya dada yangu anayeshona mapazia. Alama yake ya sentimita 100 ilipita mwisho wa rula kwa karibu sentimita moja na nusu. Imevutwa mpaka imerefuka. Futi iliyorefuka ni hatari kwa jambo letu kwa sababu alama zake zimeachana, hivyo inasoma kiuno kidogo kuliko kilivyo. Inakupa habari unayotaka kuisikia. Ya pili ilikuwa ile ya duara yenye kitufe, inayojirudisha yenyewe ndani ya kasha. Hiyo ilikuwa sahihi kwenye rula. Ya tatu ndiyo hii yangu ya elfu moja, nene kidogo, ukiitazama pembeni unaona nyuzi zimepita ndani ya plastiki. Ilikaa sawa na rula, na mpaka leo, ingawa naitumia na kuikunja, bado iko sawa. Nyuzi hizo ndizo zinazoizuia kuvutika. Ukiwa dukani ishike ncha mbili za kipande kifupi uivute kwa nguvu ya wastani: ikivutika kama mpira, irudishe.

Angalia pia ncha. Futi nyingi zina kibati mwishoni. Kwenye nzuri, sifuri inaanzia ukingoni kabisa mwa kibati. Nimeona nyingine ambazo kibati kimebandikwa vibaya na kimekula sehemu ya sentimita ya kwanza. Kasoro hiyo si kubwa mradi utumie futi ile ile kila mara, kwa sababu tunachotafuta ni tofauti kati ya mwezi huu na uliopita. Lakini kama unataka kujilinganisha na 88 au na nusu ya urefu wako, sentimita moja ina maana yake. Jambo lingine: upande mmoja ni inchi, upande wa pili sentimita, na futi nyingi zimeandikwa namba zinazoanzia ncha zote mbili. Chagua upande mmoja, ubaki nao. Mimi niliweka tone la rangi ya kucha kwenye ncha ninayoanzia, upande wa sentimita.

Jinsi ya kupima ndiyo yenye uzito kuliko futi yenyewe, na hapa naomba mnivumilie, maana ndilo somo lenyewe.

Watu wengi hupima penye kitovu. Kitovu si alama nzuri. Tumbo likishuka nacho kinashuka, na mtu akipungua kinahama. Mifupa haihami. Weka kidole chini ya ubavu wa mwisho, pembeni mwa mwili. Weka kingine juu ya mfupa wa nyonga, upande ule ule. Katikati ya vidole hivyo viwili ndipo futi inapopita, na hivyo ndivyo WHO inavyoelekeza. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa inabidi ubonyeze kidogo kuutafuta mfupa, usikate tamaa, upo. Nilipozoea sikuhitaji kutafuta tena, mkono unakwenda wenyewe.

Simama wima, miguu imekaribiana, uzito umegawanyika sawa. Futi ilale sawa kuzunguka mwili mzima, isipande mgongoni. Hili la mgongoni ndilo linalowashinda wanaojipima peke yao, kwa hiyo simama mbele ya kioo ugeuke pembeni, au mwombe mtu. Binti yangu ndiye anayenikagulia. Futi iguse ngozi bila kuizamisha. Toa pumzi kama kawaida, usibane tumbo, kisha soma. Rudia. Vipimo viwili vikitofautiana kwa sentimita moja au chini yake, chukua wastani. Vikizidi hapo, anza upya vyote viwili.

Wakati wa kupima uwe ule ule. Mimi ni asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai. Jioni baada ya maharage tumbo langu limejaa gesi na futi inaongeza sentimita mbili au tatu, na hizo si mafuta. Napima mara moja kwa mwezi, siku za mwanzo baada ya hedhi kwisha. Kuna anayependa kila baada ya wiki mbili, ni sawa. Kila siku, hapana. Mafuta ya kiunoni hayawezi kupungua kwa siku moja kiasi cha futi kuona, na ukifanya hivyo utakuwa umeigeuza futi kuwa mizani.

Naandika kiuno na hipsi tu. Hipsi ni pale makalio yalipotokeza zaidi. Kuna wanaopima mkono, paja, shingo na kifua. Kwa mazoezi ya kujenga mwili sawa, lakini kwangu mimi ambaye lengo ni tumbo, hizo ni karatasi nyingi bila faida. Ukigawa kiuno kwa hipsi unapata uwiano ambao nao una mpaka wake kwa WHO, 0.85 kwa mwanamke na 0.90 kwa mwanaume. Mimi nilianza na 101 kwa 112, yaani 0.90. Sasa ni 92 kwa 107, ambayo ni 0.86. Kwa mwalimu wa hesabu hilo ni jambo la kufurahisha, ingawa kwa mwingine kiuno peke yake kinatosha.

Na hapa namleta fundi wangu, kwa sababu watu wa huku tuna hazina ambayo hatujaitumia. Fundi wangu ana cherehani yake barazani, si mbali na soko la Tandika, na ana daftari lenye jalada gumu ambamo ameandika vipimo vyangu tangu nilipoanza kushona kwake. Mabega, kifua, kiuno, hipsi, urefu, vyote kwa inchi. Nilimwomba anifungulie kurasa za nyuma. Sare ya harusi ya mdogo wangu: kiuno inchi 34. Gauni la kitenge la Idi miaka michache baadaye: 36. Halafu 37. Kisha ukurasa wa karibu na ile siku ya kliniki: 38 na nusu. Nilikaa nao kwa muda ule ukurasa. Hakuna kliniki yenye kumbukumbu ya mwili wangu ya muda mrefu namna ile. Kama fundi wako naye anaandika, nenda kamwombe.

Tahadhari moja tu: namba za fundi usizichanganye na zako. Siku nesi alipoandika sentimita 101, ambazo ni karibu inchi 40, fundi alikuwa na 38 na nusu, na wote wawili walikuwa sahihi. Fundi anapima pale penye wembamba zaidi, au pale ambapo mkanda wa sketi utakaa. Fundi mwingine huingiza vidole viwili ndani ya futi ili nguo ipumue, mwingine anapima kwa kubana kisha anaongeza nafasi wakati wa kukata. Kila fundi na mkono wake. Linganisha ukurasa wa fundi na ukurasa wa fundi yule yule. Mara ya mwisho amenipima 35 na nusu, yaani amenipunguza inchi tatu. Zangu tisa za sentimita ni inchi tatu na nusu. Njia mbili tofauti, watu wawili tofauti, na jibu karibu moja. Ushahidi wa namna hiyo unaniridhisha.

Mbali na futi, nguo. Gauni la kitenge lisilo na lastiki, lenye zipu ya mgongoni, ndilo shahidi wa pili bora. Liweke moja ambalo sasa halifungi vizuri, lisilofuliwa kwa maji ya moto, ulijaribu siku ile ile unayopima. Usimwambie fundi akutolee akiba ya mshono, kwa sababu utakuwa umekibadilisha kipimo. Dera halifai hata kidogo. Dera linakupokea ukiwa umeongezeka na linakupokea ukiwa umepungua, na wengi wetu tumenenepa ndani yake bila kupata taarifa. Suruali za kuvutika ni hivyo hivyo. Kwa wanaume, mkanda wa ngozi na matundu yake unasema kitu, ila mwanaume mwenye kitambi mara nyingi hufunga mkanda chini ya tumbo. Tumbo linakua juu, tundu linabaki lile lile, naye anaamini yuko salama kwa sababu anavaa namba ya suruali aliyovaa tangu anaoa. Mume wangu alikuwa mmoja wao mpaka nilipompima pale kati ya ubavu na nyonga.

Kanga nayo inafaa kuliko nilivyotarajia. Kanga nyingi zina urefu wa kama mita moja na nusu, na haina lastiki wala mshono wa kukudanganya. Niliifunga kiunoni, nikatia uzi mwekundu pale ncha ya juu ilipoishia. Sasa ncha inapita uzi kwa zaidi ya upana wa kiganja changu. Tumia kanga iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa, kwa sababu mpya bado ina wanga wa kiwandani na hailali vizuri. Namna hii inamfaa bibi asiyetaka kusoma namba ndogo.

Shanga za kiunoni ni jambo la staha na sitalirefusha. Nitasema tu kwamba wanaozivaa wanajua kuwa kamba ikianza kushuka yenyewe hadi kwenye nyonga, mwili umepungua, na ikianza kupanda na kuacha alama, umeongezeka. Ziwe zimetungwa kwa uzi usiovutika. Za lastiki hazisemi kitu.

Nilivyojaribu vingine nitavipitia haraka. Futi ya duara yenye kitufe ni nzuri kwa anayejipima peke yake, maana ncha inashikizwa na mkono mmoja unabaki huru. Lakini ya kwangu springi yake ina nguvu, ukiiachia inauma mwili laini na kukuondolea sentimita ambazo bado unazo, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida. Mizani za kidijitali zinazodai kukuonyesha asilimia ya mafuta hupitisha umeme mdogo sana mwilini, na kwa kuwa umeme huo unapita kwenye maji, ukiwa na kiu au umetoka kuoga jibu linabadilika. Picha za simu zinasaidia kama mwanga, nguo na umbali ni vile vile kila mara. Kwangu mimi ni kazi nyingi, na sipendi picha za namna hiyo zikae kwenye simu ambayo watoto wanachezea.

Kuna kipimo kingine ambacho hukukiomba: midomo ya watu. Huku kwetu ukinenepa unaambiwa umenawiri, ndoa imekukubali. Ukipungua unaulizwa, "Kulikoni mwalimu, unaumwa?" Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kwenye chumba cha walimu, shangazi amepiga simu kutoka Lindi kwa sababu ameona picha yangu ya harusi ya jirani. Wanauliza kwa mapenzi, na wana sababu, kwani tumezika watu waliopungua kwa ugonjwa. Lakini mtu asiye na kipimo chake mwenyewe anaweza kuyumbishwa na maneno hayo akarudi kula ili aonekane mzima. Mimi namjibu shangazi kwa namba: sukari yangu imeshuka, presha imeshuka, kiuno kimetoka 101 hadi 92. Ameacha kuniuliza, na sasa anataka nimpelekee futi.

Upande wa pili wa jambo hilo ni muhimu na naomba usirukwe. Kama futi inapungua na wewe hujabadilisha chakula wala mwendo wako, usishangilie. Nenda hospitali. Kupungua bila sababu ni moja ya dalili za kisukari na za kifua kikuu, na kuna magonjwa mengine pia. Na kama tumbo linakua haraka huku mikono na uso vinakonda, au limekaza kama limejaa maji, hilo si la futi, ni la daktari. Mjamzito futi ya kiuno haimhusu. Aliyejifungua karibuni ajipe muda kwanza, tumbo bado linarudi. Na wapo ambao mizani ni lazima kwao: mgonjwa wa moyo aliyeambiwa ajipime kila asubuhi, kwa sababu kwake kilo mbili za ghafla ni maji yanayojaa, na ndicho daktari anachotaka kukijua. Watoto wa kliniki ni hivyo hivyo. Hao wasiache mizani yao kwa kusoma haya.

Naipa futi nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu niliyoizuia ni kwa sababu haikufundishi namna ya kuitumia. Mizani ukiipanda imekupa jibu, lakini futi mikononi mwa asiyejua pa kuipitisha inaweza kutofautiana kwa sentimita tano kati ya leo na kesho. Mpime rafiki mmoja, naye akupime, mara mbili tatu mpaka majibu yenu yakubaliane. Baada ya hapo imekuwa yako.

Ukienda kununua, nenda na rula ya mtoto ya sentimita 30. Ikunjue futi mezani, ulinganishe kipande kwa kipande mpaka 150. Omba yenye nyuzi ndani. Mwenye kiuno kinachozidi sentimita 150 aulizie ya mita tatu, zipo, wauzaji wa vifaa vya mapazia wanazo, na hakuna sababu ya mtu kuunganisha futi mbili. Usinunue iliyotundikwa juani nje ya kibanda, jua linailegeza plastiki na kufuta namba. Ukifika nyumbani iviringishe uiweke kwenye kopo, usiikunje kwa mikunjo mikali. Mama muuza nyuzi niliyenunua kwake aliponiona natoa rula hakununa. Aliniletea futi nyingine nne kutoka chini ya meza, tukazipima zote, na moja akaitupa mwenyewe.